Uzi wa Miss Hadley na Hoteli za Osaka

Keki ya kuniaga haijaisha kwenye friji na tayari mnanidai maandishi. Halima, Kioko, na nyinyi wengine mtakaokalia kiti changu kwa zamu: nimekubali kuandika kwa sharti mlilolitoa wenyewe, yaani niandike kwa Kiswahili ili meneja asielewe. Sharti langu ni kwamba msiniulize nilipandishwa cheo lini. Nilipandishwa, nikapewa kiti chenye magurudumu, basi. Nitakayowaeleza ni jinsi nilivyojifunza kuwachagulia watu hoteli za fahari Japani, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, nikifundishwa na mwanamke ambaye naye hakuwahi kuikanyaga.

Nilikuja Birmingham kusomea unesi, kama mabinti wengi wa Kenya wa wakati wangu. Kanisa letu kule Wundanyi lilinifanyia harambee, mama yangu akalia uwanja wa ndege, na mchungaji akaomba Mungu aibariki mikono yangu. Mikono haikuwa na neno. Ni damu iliyonikataa. Wodini nilizimia mara ya kwanza mgonjwa alipochomwa sindano, na mara ya pili nilizimia kabla sindano haijatolewa kwenye karatasi. Sista wa wodi akaniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba wagonjwa wameanza kunihurumia. Wiki hiyohiyo nikaona tangazo kwenye dirisha la wakala wa safari, High Street ya Harborne: anatakiwa karani anayejua jiografia. Huo ulikuwa mwaka 1968, na mimi jiografia nilikuwa nayo. Niliwaandikia nyumbani kwamba nimehamishwa idara, na sikusema idara gani.

Miss Hadley ndiye aliyekuwa mkuu wa kaunta. Alikuwa mwembamba, mwenye sweta ya kijivu kiangazi na masika, na miwani aliyoitafuta kila siku ikiwa usoni mwake. Jina langu, Mghoi, lilimshinda. Alijaribu mara mbili, akakohoa, akaamua kuniita Miss M, na nilibaki Miss M hata baada ya kuolewa na kuzaa. Hakuwahi kupanda ndege maishani. Kila Agosti alikwenda pwani ya Wales kwa basi akarudi na mafua. Lakini safari zote za Mashariki ya Mbali zilipita mkononi mwake, na mteja akithubutu kumwuliza kama yeye mwenyewe ameiona Tokyo, alijibu: "Hata figo yangu sijaiona, bwana, lakini najua iko wapi."

Siku ya kwanza hakunipa simu wala kalamu. Alinipa uzi. Ulikuwa uzi mweupe wa kufungia vifurushi, aliousugua kwa mshumaa usifumuke, na ameupiga mafundo. Alitandaza ramani ya Tokyo kwenye kaunta, akabana ncha moja ya uzi juu ya hoteli kwa kidole, akaukunjakunja kufuata barabara. Alisema rula inakwenda moja kwa moja na hakuna binadamu anayekwenda moja kwa moja. Kutoka fundo hadi fundo ndio mwendo anaouweza mtu wa makamo kabla hajaanza kumlaumu mwenzake wa ndoa.

Kisha akanipa maswali yake matatu, ambayo nimewaimbia nyinyi mpaka mkaanza kuniiga nikiwa chooni, na mlidhani sisikii. Asubuhi mteja akifungua pazia ataona nini? Mvua ikinyesha atakwenda wapi? Na akichoka, atarudi vipi? Vitanda, mazulia na mabafu ya marumaru hakuviuliza. Hoteli za fahari zote zina mabafu, alisema, na hakuna mtu aliyevuka nusu ya dunia kwenda kuoga.

Japani ilikuwa mtihani wa pekee. Barabara zao nyingi hazina majina, na namba za nyumba hazifuatani kwa mstari kama za kwetu hapa, zinafuata mitaa na vitongoji. Kijitabu cha hoteli kikisema "hatua chache kutoka stesheni", inabidi uulize ni stesheni ya mlango upi, kwa maana stesheni zao kubwa ni miji mizima, na mtu akitokea upande usio wake anaweza kumaliza adhuhuri akizunguka na sanduku. Tuliuliza kwa teleksi, ile mashine ya kupeleka maandishi kwa laini ya simu. Majibu yalikuja asubuhi, yamejaa heshima, na Miss Hadley aliyasoma huku amesimama.

Hoteli ya kwanza niliyoichagua peke yangu ilikuwa ya daktari wa meno wa Edgbaston, mtaa wa wenye nazo, na mkewe. Niliichagua kwa picha. Ilikuwa na bustani yenye daraja jekundu na samaki wanono, na nikajiona nimefika. Waliporudi, mke alipita dukani kutushukuru kwa adabu yote ya Edgbaston. "Bustani ilikuwa nzuri sana," alisema. "Tuliiona mno." Hoteli ilikuwa mbali na kila kitu, na Tokyo waliitazama kwa dirisha la teksi. Miss Hadley hakunigombeza. Alifungua kijitabu, akanionyesha palipoandikwa kwamba mji uko "mwendo mfupi wa kupendeza", akaupima kwa uzi, akapima mwendo uleule kwenye ramani ya Birmingham. Akanipa mwavuli, na kikapu cha viazi badala ya sanduku, akaniambia niende, nirudi, nimweleze ulivyonipendeza.

Tangu siku ile hiyo ndiyo ikawa shule yangu. Kila mwendo mfupi wa Japani niliutembea Harborne na Edgbaston, na viazi mkononi. Mpaka leo najua kwamba kutoka hoteli fulani ya Kyoto hadi hekalu lake maarufu ni sawa na kutoka dukani kwetu hadi uwanja wa kriketi, na kurudi ni mlima. Watu wa High Street walidhani nina familia kubwa inayokula viazi tu.

Sasa nifike kwa Mzee Nassor, maana najua ndiye mnayemsubiri.

Ilikuwa mwaka 1974. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, tunakaa Bordesley Green, na Mzee Nassor na mkewe Bi. Thureya, Waunguja, walikuwa majirani zetu wa mtaa wa pili. Walipanda basi mpaka Harborne badala ya kunigongea mlango nyumbani, kwa sababu safari kubwa huzungumzwa dukani. Mzee alikuwa amevaa koti zito juu ya kanzu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nnataka kwenda Japani." Aliketi, akaweka bakora magotini. "Vijana wangu wamechanga. Mji wa Osaka. Na nnataka hoteli hasa, si nyumba ya kulala wageni. Iwe na ule mlango wa kuzunguka."

"Na wewe, Bi. Thureya, ungependa wapi?"

"Mie? Mie popote tu, mwanangu. Popote mtaponitupa."

Nisimame hapa kidogo kwa faida yenu. Mwingereza akisema popote, anamaanisha popote, na atakulalamikia baadaye kwa barua. Mama wa Kiswahili akisema popote, jua ana mahali pake kamili moyoni, na amekuachia wewe kazi ya kupajua. Niliandika "popote" kwenye karatasi nikapigia mstari chini.

Mzee Nassor alikuwa mfanyabiashara wa kanga Unguja. Zamani zile kanga nzuri zilichapwa Japani, na aliyemchapia yeye alikuwa Bwana Morita wa Osaka. Mzee alipeleka michoro na misemo kwa barua, Morita akarudisha marobota kwa meli. Miaka nenda miaka rudi hawakuonana, wala hawakusikia sauti, lakini walipeana habari za harusi, vifo na baridi yabisi. Kisha mambo ya Unguja yakageuka, duka likaenda na vilivyomo, na Mzee Nassor akaishia Birmingham akifunga nati kwenye kiwanda cha magari. Barua hazikukoma.

"Tumeandikiana mpaka tumeota mvi," aliniambia. "Na yeye moyo wake mbovu sasa, mie kifua. Nnataka nimwone uso kabla mmoja wetu hajatangulia. Basi. Nimwone uso."

"Hoteli iwe upande gani wa mji, mzee?"

"Karibu na Morita. Karibu kabisa."

Nilimwelewa kabla hajafunga mdomo. Kwetu sisi, ukienda mji wa rafiki yako ukalala mbali naye, umemtangazia ugomvi. Kama huwezi kulala kwake, basi ulale penye kusikia akikohoa. Nilitafuta kwa bidii, nikapata hoteli kubwa ya fahari juu ya kilima, nje ya mji upande wa kaskazini, ina mlango wa kuzunguka, na anwani ya Bwana Morita iko chini yake tu. Nilifurahi kupita kiasi.

Miss Hadley alibana uzi wake pale kilimani. Haukufika popote.

"Miss M, hii iko karibu na mtu mmoja na iko mbali na Osaka nzima."

"Huyo mtu mmoja ndiye Osaka yao, Miss Hadley."

Alikunja midomo, akakunja na uzi. Nilijihesabia ushindi, nikapeleka teleksi, chumba kikashikwa. Mzee akamwandikia rafiki yake kumjulisha hoteli, akatia na kadi ya duka letu.

Barua ilipofika Osaka, simu ililia dukani asubuhi moja, laini inavuma, na upande wa pili kuna mwanamke anayezungumza Kiingereza cha taratibu na safi. Alijitambulisha kuwa ni Fumiko, binti wa Bwana Morita. Aliuliza kama sisi ndio tuliomchagulia Bwana Nassor hoteli ya kilimani. Nikajibu ndiyo, nikisubiri kushukuriwa.

"Tafadhali chagua nyingine," alisema.

Akanieleza. Kiwanda kilifungwa siku nyingi, tangu Afrika ya Mashariki ilipoanza kuchapa kanga zake yenyewe. Nyumba yao kubwa iliuzwa. Baba yake sasa anakaa naye katika vyumba viwili nyuma ya duka la mchele, chini ya kilima kile, na anamwandikia Bwana Nassor kwa karatasi za kampuni zilizobaki, kana kwamba mashine bado zinanguruma. Kutoka madirisha ya hoteli ile mgeni ataona nguo zao kwenye kamba.

"Baba hawezi kumpokea rafiki yake pale. Ameshaanza kusema atajibu kwamba yuko safarini. Namjua. Akiandika hivyo hatakubali tena kuonana naye, na daktari ametuambia tusipange mambo ya mwakani." Kisha akaongeza: "Na tafadhali, Bwana Nassor asijue."

Sikuwa nimemaliza kulimeza hilo, Bi. Thureya akaja dukani. Alikuja peke yake, katika mvua, hata kiti hakukitaka.

"Mwanangu, ile hoteli n'ondolee."

"Kumbe si popote?"

"Bibi we, hebu niache." Alicheka kidogo, kisha akashusha sauti. "Nassor hajamwambia yule Mjapani kama duka halipo. Yule anadhani tumehamia huku na duka letu. Kila barua, 'biashara inakwenda, alhamdulillah'. Biashara gani? Nati! Sasa Morita akiwa mlango wa pili, si atakuja kila jioni? Atatukuta tunachovya biskuti zetu za sandukuni kwenye chai. Na Nassor kashaanza kukohoakohoa. Namjua mie. Wiki ijayo atasema kifua kimembana, safari basi, na huyo Morita hatomwona tena mpaka kiyama."

"Umezungumza naye?"

"Ntamwambiaje? Aibu yake kaificha kwa mikono miwili, mie nikamfunue? Na wewe usimwambie."

Basi nikawa na wazee wawili, mmoja Osaka na mmoja Bordesley Green, kila mmoja anapika uongo wa kumkwepa mtu anayempenda kuliko ndugu, na wanawake wao wote wawili wamenikimbilia mimi na kuniapisha. Nilitaka kucheka nikaona machozi yanatangulia. Mambo hayo yakiachwa wiki mbili tu, mmoja angekuwa "safarini", mwingine "anaumwa", na uso usingeonekana.

Nilimweleza Miss Hadley yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda mlangoni akageuza kibao kionyeshe tumefunga. Asubuhi kweupe, siku ya kazi! Sijamwona akifanya hivyo kabla wala baada. Alitandaza Osaka kwenye kaunta akatoa uzi.

"Bwana Morita anashukaje mjini?"

"Kwa treni, mpaka stesheni kubwa."

Akabana ncha moja pale. Alisema wazee hawa hawahitaji hoteli ya karibu, wanahitaji pahali ambapo kila mmoja atakwenda kama mtu anayetoka matembezi. Pasiwe kwa huyu wala kwa yule. Pawe na ukumbi wa chini wenye viti virefu, mtu aingie na suti yake bora bila kupanda ngazi, na teksi mlangoni ili mwenye moyo mbovu aondoke kwa heshima kabla hajachoka. Tuliipata hoteli hiyo katikati ya mji, kwenye kisiwa kilicho baina ya mito miwili. Ukifungua pazia unaona maji. Mlango wa kuzunguka ulikuwepo. Uzi kutoka stesheni uliishia kabla ya fundo la kwanza.

"Lakini nitamwambia nini mzee?" niliuliza. "Yeye ndiye aliyetaka karibu."

"Usimwambie mteja amekosea, Miss M. Mpe sababu anayoweza kuirudia mbele ya mkewe."

Nilizunguka na hilo siku nzima. Jioni, nikimwona jirani mwingine anawahi sala, sababu ikajileta yenyewe. Nikaenda kwa Mzee Nassor, nikanywa chai kwanza kama inavyotakiwa, kisha nikasema: "Mzee, kuna jambo nilisahau kuangalia. Msikiti uko Kobe, mji wa jirani. Kutoka kule kilimani ni kubadilisha treni na kubadilisha tena. Ijumaa itakupita. Lakini kuna hoteli ya katikati ya mji, karibu na stesheni, treni ni moja tu mpaka Kobe."

Kikohozi kilikoma papo hapo.

"Ijumaa!" Alinyanyua kidole kumwelekea mkewe. "Unasikia, Thureya? Mie nimesahau kabisa. Ijumaa haichezewi. Morita atanielewa, mtu wa heshima yule."

Bi. Thureya alikuwa anaitazama birika kwa makini mno. Mzee, sasa amechangamka, akataka nimwonyeshe na kibla. Nikamwambia kule Osaka kibla ni upande wa magharibi. Alifikiri kidogo akasema Unguja alielekea kaskazini, Birmingham anaelekea kusini na mashariki, na sasa magharibi. Mwenyezi Mungu hajasogea hata kidogo, ni yeye Nassor tu anayezungushwa.

Nikampigia Fumiko nikampa sababu hiyohiyo ampelekee baba yake: mgeni anasikitika sana, lakini dini yake inamtaka awe karibu na treni. Siku ya pili jibu likaja kwa teleksi. Bwana Morita anasema dini ni dini, na ameagiza suti yake ianikwe juani.

Waliondoka. Nyinyi mnaofuatilia kila kitu kwa kompyuta hamjui kusubiri kulivyokuwa. Mteja akishapita mlango wa ndege, amepotea mpaka arudi. Miss Hadley, ambaye hakuwahi kuniuliza habari za mteja yeyote, aliniuliza kila asubuhi kama najua hali ya hewa ya Osaka.

Waliporudi, Bi. Thureya alikuja dukani na kopo la peremende za Kijapani, akaketi mwenyewe bila kukaribishwa, na nikawa mkalimani kati yake na Miss Hadley.

Jioni ya kwanza, alisema, Bwana Morita alifika kwa treni na suti na kofia, Fumiko pembeni yake. Mzee Nassor alimngoja katika ule ukumbi wa chini, amevaa joho alilolivaa kwenye harusi ya mwanawe. Waliinamiana, wakashikana mikono, wakainamiana tena, hakuna aliyejua aache lini. Waliagiza chai. Mzee akasema biashara inakwenda. Morita akasema mashine zinakwenda. Fumiko akatafsiri Kiingereza kuwa Kijapani na Kijapani kuwa Kiingereza, huku yeye na Bi. Thureya hawatazamani.

Bi. Thureya alikuwa amejitanda kanga ya zamani ya Morita mwenyewe, iliyoandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Bwana Morita aliitambua. Akauliza maandishi yale maana yake nini, kwani amechapa maneno ya Kiswahili nusu ya maisha yake na hajapata kuyajua.

"Nassor kamwambia yasema 'Amani iwe juu ya nyumba hii'," Bi. Thureya alisema, akajipiga paja. "Mie nimeinunua kwa ajili ya wifi yangu, ile! Yule mzee wa watu akafurahi, akasema siku zote alijua ni dua."

Kisha Bwana Morita aliomba ruhusa, akashika pindo la kanga kulipapasa kama mwenye kazi yake. Kidole kikakuta pale iliposhonwa. Akauliza kwa nini mke wa mwenye duka ashone kanga kuukuu, na kanga mpya zimejaa dukani kwao. Mzee Nassor akatazama ndani ya kikombe. Bi. Thureya, ambaye Kiingereza chake ni cha kununulia samaki sokoni, akajibu mwenyewe.

"Shop, finish."

Hapakuwa na haja ya kutafsiri. Bwana Morita alikaa, ameshika pindo vilevile. Kisha akamgeukia Mzee Nassor, akatafuta Kiingereza chake cha zamani cha biashara, akasema: "Factory also finish."

"Basi wakatazamana," Bi. Thureya alisema. "Wallahi, wakatazamana mpaka nikaogopa. Halafu Nassor akaanza kucheka. Na yule naye. Wamecheka wazee wale, mpaka mhudumu kaja kuuliza kama kuna mgonjwa."

Chai haikumalizika. Bwana Morita aliwaambia wafunge masanduku yao. Hoteli yetu ya fahari, yenye mito miwili, waliilala usiku mmoja. Siku zote zilizobaki walilala sakafuni nyuma ya duka la mchele, juu ya magodoro ya kukunjwa, na kila asubuhi walihitajika watu wawili kumnyanyua Mzee Nassor. Nguo zao zilianikwa kamba moja na za Morita, chini ya madirisha ya ile hoteli niliyoichagua kwanza. Ijumaa walikwenda Kobe wote wanne, na Bwana Morita akakaa nje ya msikiti na mwavuli mpaka sala ikaisha.

Nilipomaliza kutafsiri, Miss Hadley alivua miwani akaifuta.

"Na kiamsha kinywa?" aliuliza. "Walikwishalipia kiamsha kinywa cha siku zote."

Bwana Morita hakuumaliza msimu wa baridi uliofuata. Fumiko ndiye aliyeandika. Mzee Nassor alikuja dukani siku aliyopata habari, hana safari ya kuulizia, akakaa tu kwenye kiti cha wateja na koti lake. Miss Hadley, ambaye hakuwahi kumpikia chai mtu yeyote, alimletea chai.

"Nimemwona uso," Mzee aliniambia. Alisema tena, kwa Kiingereza, ili Miss Hadley naye asikie. Alipomaliza chai akaondoka kuwahi basi lake.

Tulibaki wawili na ramani zetu. Miss Hadley alikuwa anaviringisha uzi kidoleni, anaufungua, anauviringisha tena.

"Watu huniuliza kwa nini sisafiri," alisema. "Si ndege ninayoiogopa, Miss M. Ningeweza kujichagulia hoteli bora kuliko zote duniani. Lakini sina mtu wa kuja kunitoa humo anipeleke kwake."

Miaka sita tulikuwa tumekaa kaunta moja. Alizijua njia zote kutoka Tokyo hadi Kyoto, na mimi sikuwa nimewahi kumwonyesha njia ya kwetu, safari ya basi tu kutoka pale. Niliona aibu. Nikamwambia Jumapili hii aje nyumbani, baada ya kanisa, watoto wawepo, nitapika.

Akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

"Bordesley Green," alisema. "Nitashuka kituo gani? Ni mbali na mlango? Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ikinyesha utalala kwetu."

Jumapili ilinyesha tangu alfajiri, mvua ya Birmingham ileile mnayoijua. Alifika saa ya chakula, ameloa mabega, na ndani ya mkoba wake, chini ya uzi, alikuwa amekunja nguo ya kulalia.